Siku ya tisa Ujerumani na ninalia kila usiku: je, nirudi nyumbani?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 25 kutoka Morogoro. Nimefika Leipzig, Ujerumani, mwanzoni mwa mwezi huu wa Oktoba kusoma shahada ya uzamili. Leo ni siku ya tisa, na kila usiku ninalia. Nilisoma mahali kwamba wiki za mwanzo ugenini ni fungate, mtu hufurahia kila kitu, na mshtuko huja baadaye. Mimi hiyo fungate sijaionja hata saa moja. Hakuna anayenisalimia. Jumamosi nilidhalilika supamaketi: dada wa kaunta alikuwa ananisukumia vitu kwa kasi, mimi huku natafuta hela, huku napanga kwenye mfuko, watu wa nyuma wanapumua kwa nguvu. Nikalipa, nikaacha mkate wangu pale pale na kutoka mbio. Kesho yake Jumapili nikakuta maduka yote yamefungwa. Kwenye tramu baba mmoja aliinuka nilipokaa karibu naye. Na jirani yangu wa bwenini amebandika karatasi mlangoni kwangu kuhusu kelele, kwa sababu saa tano usiku huwa naongea na mama. Mama mwenyewe nimemwambia kila kitu ni kizuri. Je, nina tatizo la akili? Na je, nirudi kabla mambo hayajaharibika zaidi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Nianze na jibu, maelezo yafuate: huna ugonjwa wa akili, na wiki hii usikate tiketi ya kurudi. Uamuzi wa kurudi una wakati wake, nitaufikia mbele. Kwanza tuimalize hiyo habari ya fungate, maana naona imekuumiza kuliko hata baridi. Unalia kwa upweke, halafu unalia tena kwa kuwa umeambiwa muda huu ulipaswa kuwa unacheka.

Neno hilo alilitumia Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kanada, katika hotuba aliyoitoa mwaka 1954 kwa klabu ya wanawake huko Rio de Janeiro. Alisema mgeni hupita hatua nne, na ya kwanza akaiita fungate. Mwaka uliofuata Sverre Lysgaard, mwanasosholojia wa Norway, akachapisha utafiti kuhusu Wanorway waliokuwa wamepata ufadhili wa kwenda Marekani. Hapo ndipo ulipotokea ule mchoro wa herufi U unaosambazwa kila mahali: unaanza juu, unashuka, unapanda tena. Tatizo ni kwamba Lysgaard alizungumza na watu waliokwisha kurudi kwao. Walikuwa wanakumbuka, na mtu akikumbuka safari yake ya kwanza huanza na ndege na majengo, haanzi na usiku wa pili chumbani.

Walipotokea watafiti wa kuwauliza wageni papo kwa papo, picha ilibadilika. Colleen Ward na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa Kijapani waliokwenda New Zealand. Waliwahoji ndani ya saa 24 tangu wafike, kisha wakawarudia kwa vipindi hadi ukatimia mwaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998: shida ilikuwa kubwa zaidi mwanzoni kabisa, ikapungua kadiri siku zilivyokwenda. Hilo ndilo ninaloliona mimi pia kwa wanafunzi ninaowashauri. Fungate ni ya mtalii, mwenye hoteli, mwenyeji wa kumpokea na tarehe ya kurudi mfukoni. Wewe umeshuka na masanduku mawili, ufunguo wa chumba usichokijua na orodha ya ofisi za kwenda. Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Huko umepewa uwanjani ulipotua.

Lakini Oberg alipatia jambo moja kubwa, nalo ndilo lenye faida kwako. Alisema mshtuko huu unatokana na kupotelewa na alama zote ndogo ndogo zinazotuongoza tunapoishi na watu: lini umpe mtu mkono, useme nini ukikutana na watu, lini ukubali au ukatae mwaliko, lini neno la mtu ulichukulie kwa uzito. Tazama maisha yako ya Morogoro. Pale Soko Kuu la Kingalu ukitajiwa bei ya fungu la nyanya unajua papo hapo kama ni ya kupatana au ni ya kuondokea. Ukiingia dukani unaanza na habari za saa hizi, ndipo uulize chumvi. Kwenye daladala unajua upishe nani kiti na useme nini unapotaka kushuka. Hakuna aliyekufundisha darasani, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakikufanya ujione mtu mzima mwenye akili zake. Leipzig yote yamekatika siku moja. Kila jambo, hata kufungua mlango wa tramu, linataka ufikiri kwanza. Ndiyo maana jioni umechoka hoi na ukijiuliza umefanya nini huoni kitu. Tena kichwa kilichochoka hivyo hutafsiri kila kitu kwa ubaya.

Kwa hiyo sikushauri "ujipe moyo". Nakushauri uurudishe ule ujuzi, sehemu moja baada ya nyingine, na uanze palepale ulipoumia: supamaketi.

Yule keshia hakuwa na hasira na wewe. Kasi ile ndiyo kazi yenyewe, anamfanyia hivyo hata bibi wa miaka themanini. Siri ni kwamba pale kaunta hapapangwi vitu. Chukua toroli, mengi hufunguka kwa sarafu ya euro 1 au senti 50, nayo hurudi ukilirudisha. Ukifika kwenye mkanda, tanguliza vizito, vya kupondeka viwe nyuma, na weka kile kijiti cha kutenganisha vitu vyako na vya anayefuata. Keshia akishavipitisha, virudishe torolini ovyo ovyo, hata mkate ukikaa juu ya sabuni. Kadi au hela iwe tayari mkononi. Lipa, sogea, nenda kwenye ile meza au ubao ulio baada ya makaunta, pale sasa panga polepole kwenye mfuko uliokuja nao. Wenyeji wenyewe ndivyo wafanyavyo, ila hakuna anayekumbuka kumwambia mgeni. Nenda siku ya kazi kama saa nne asubuhi, foleni ni fupi, na nenda duka lilelile kila mara mpaka ujue rafu ya chumvi kwa kufumba macho. Maji usinunue kwa kubeba, ya bomba yananyweka. Ukinunua soda ya chupa ya plastiki au kopo, kwa kawaida umelipia amana ya senti 25. Usilitupe, kuna mashine dukani inalipokea na kukupa risiti ya kukatwa kwenye manunuzi.

Jumapili kufungwa kwa maduka ni suala la katiba kabisa: kifungu cha katiba ya Weimar ya mwaka 1919 kinachoilinda Jumapili kiliingizwa katika katiba ya sasa ya 1949. Nunua chakula Jumamosi mchana. Ukisahau, baadhi ya maduka ndani ya kituo kikuu cha treni hufunguliwa, na maduka mengi ya mikate hufungua asubuhi.

Sasa salamu. Hili najua linauma, kwa sababu kwetu kutosalimiwa ni kuambiwa hupo. Ukitembea barabarani Leipzig ukasubiri macho ya watu yakupokee, utarudi chumbani umenyauka. Lakini si kwamba hawasalimiani. Wana mahali pa salamu, na barabarani si mojawapo. Kwenye ngazi za jengo unaloishi, watu hupeana Hallo au Guten Tag, na usiposalimu wewe ndiye utakayeonekana mkorofi. Ukiingia chumba cha kusubiri kwa daktari, unawasalimu wote waliokaa hata kama huwajui, nao huitikia. Kwa keshia unasalimu kabla hajaanza kupitisha vitu, na ukiondoka unamtakia siku njema. Jaribu kesho kwenye ngazi. Sema wewe kwanza, kwa sauti ya kusikika, usimame nusu sekunde. Usitarajie ya nyumbani, watoto na shamba. Utajibiwa neno moja. Lipokee hilo moja kama lilivyo.

Karatasi ya jirani nayo ni hivyo hivyo. Kwetu mtu akikuandikia barua ilhali mnapakana ukuta, ujue pana uhasama. Wao huandikiana vikaratasi ili wasigombane uso kwa uso. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu, na kuta za mabweni ni nyembamba. Mgongee saa za jioni, mwambie samahani, hukujua, na jina lako ni fulani. Dakika moja inatosha. Mabinti wengi niliowashauri wakafanya hivyo walipata mtu wao wa kwanza wa kumuuliza maswali madogo madogo, kama takataka zipi ziende pipa lipi. (Hilo la mapipa lichukulie kwa uzito, majirani wanaliangalia.)

Kuhusu yule baba wa kwenye tramu, nitakuwa mkweli. Sijui aliinuka kwa nini, na wewe hujui. Huko watu hupenda kukaa peke yao, kiti cha jirani kikipatikana tupu mtu huhamia, hata akimwacha Mjerumani mwenzake. Pengine alikuwa anashuka kituo cha pili. Lakini siwezi kukuambia ubaguzi haupo, maana upo, na wengine wenu mtakutana nao. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule aliyetuandikia desturi za Waswahili, alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900, na baadhi ya wanafunzi wake wakakataa kumheshimu kama mwalimu kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1905 aliporudi Dar es Salaam na mke wake Mjerumani, serikali ya kikoloni iliwazuia kushuka, wakageuza. Kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote akuambie kila kitu ni "tofauti za utamaduni". Shika kipimo hiki: jambo lisilo na neno wala tendo dhidi yako, kama kuhama kiti, liache lipite, usilale nalo. Mtu akikutukana au kukutisha, huo si utamaduni wa mtu. Sogea karibu na dereva, piga 110 kwa polisi, andika saa na namba ya tramu. Na ukinyimwa chumba au kazi kwa sababu ya rangi au asili yako, ipo sheria ya mwaka 2006 inayokataza. Ofisi ya ushauri ya chuo itakuelekeza pa kwenda.

Mama. Hapa naomba unisikilize sana, mdogo wangu. Hivi sasa saa zenu zinapishana moja tu, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ujerumani itakaporudisha saa nyuma zitapishana mbili. Maana yake ukimpigia saa tano usiku, kwake ni saa sita, na baadaye itakuwa saa saba. Mama halali. Anakaa macho kumsikiliza binti anayemwambia kila kitu ni kizuri kwa sauti iliyotoka kulia. Unadhani hajui? Anajua, ila naye amekosa pa kuanzia. Hamisha simu iwe saa moja jioni kwako, baada ya chakula, na iwe na mwisho. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Mama, nimefika salama, chuo kipo, ila sijazoea na nina upweke. Sitaki unitatulie, nilitaka tu ujue." Hakuna maneno magumu kuliko hayo kwa mtoto aliyeagwa na ukoo mzima kwa sala na michango, lakini baada ya kuyasema huhitaji tena kuigiza kila usiku. Ndugu wengine wanaosubiri picha za Ulaya wanaweza kusubiri.

Saa za kulala hazijakupoteza sana, maana tofauti ni ndogo. Kitakachokusumbua ni mwanga. Morogoro jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Leipzig, saa zikirudishwa nyuma, giza litaingia mnamo saa kumi na moja jioni, na Desemba jua litazama kama saa kumi. Mwili uliozaliwa karibu na ikweta hulipokea hilo kwa uzito: usingizi wa ajabu, huzuni isiyo na sababu, hamu ya kula vitu vitamu. Toka nje kila siku asubuhi au mchana, hata kukiwa na mawingu, tembea nusu saa. Ukionana na daktari muulize kuhusu vitamini D, maana ngozi nyeusi huko majira ya baridi hutengeneza kidogo mno.

Na kuna jambo la daktari ambalo nalisema kwa kila mtu anayetoka kwetu. Ukipata homa, kutetemeka au kichwa kuuma sana katika miezi hii ya mwanzo, usiseme ni baridi, wala usiseme ni mawazo. Nenda hospitali siku hiyohiyo na useme sentensi hii kabla ya nyingine zote: nimetoka Tanzania, nipimwe malaria. Daktari wa huko anaona mafua kutwa nzima. Asipoambiwa ulikotoka anaweza asifikirie malaria kabisa, na malaria haisubiri.

Chakula kiwe chakula. Nenda mtaa wa Eisenbahnstraße, kuna maduka ya Waarabu, Waafrika na Waasia. Uliza unga wa mahindi, bamia, ndizi za kupika, mihogo ya kugandisha. Songa ugali mara moja kwa wiki kwenye jiko la pamoja bila kuona aibu. Ukikaanga samaki fungua dirisha, hata kama nje kuna barafu. Wao wenyewe hufungua madirisha kila siku kubadilisha hewa.

Kisha nenda kwenye Taasisi ya Taaluma za Afrika ya hapo hapo Chuo Kikuu cha Leipzig. Wanafundisha Kiswahili. Wapo Wajerumani katika mji huo wanaohangaika na ngeli usiku huu, wanatafuta mtu wa kuzungumza naye. Jitolee: saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani. Ninalisisitiza hili kuliko kujiunga na kundi la Watanzania, ingawa nalo jiunge. Kwenye meza ile wewe ndiye unayejua. Utamsikia mtu mzima akikosea "mtoto wangu" na "kitabu changu", wewe ukimrekebisha kwa upole, na utakumbuka kwamba hukuzaliwa mjinga wa mashine za tiketi. Leipzig ina historia ndefu ya wageni: tangu mwaka 1956 ilikuwa na taasisi ya kuwafundisha Kijerumani wanafunzi kutoka nje, iliyokuja kuitwa Herder, na Waafrika wengi walipitia hapo enzi za Ujerumani Mashariki. Nao walikuwa na wiki zao za kwanza.

Karatasi za ofisini usizicheleweshe kwa sababu ya huzuni. Sheria inakutaka usajili makazi yako ndani ya wiki mbili tangu uhamie, kwenye ofisi ya mji ya kusajili wakazi, na bila cheti cha usajili mambo mengi hukwama. Umebakiwa na siku chache. Kama hupati miadi, omba ushauri ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni, wanalijua tatizo hilo.

Sasa kurudi. Vipindi vya darasani vya muhula huu vinaisha mapema Februari. Weka uamuzi hapo, na mpaka siku hiyo usiujadili kila usiku. Februari ukiwa na marafiki wawili, umefanya mitihani na bado moyo unasema hapana, rudi, na mimi nitakuwa wa kwanza kukuambia hakuna aibu. Kabla ya hapo unaamua ukiwa na uchovu, si akili yako. Isipokuwa haya: ukipita wiki nzima hulali wala huli, ukishindwa kutoka chumbani, au ukianza kufikiri kujidhuru, usisubiri Februari wala kesho. Shirika la huduma za wanafunzi lina washauri wa kisaikolojia kwa ajili yenu. Mchana na usiku kuna simu ya bure ya ushauri ya Telefonseelsorge, 0800 1110111, na kwa dharura ni 112.

Mwisho, weka alama kwenye kalenda tarehe 24 Desemba. Mchana wa siku hiyo maduka hufungwa, tarehe 25 na 26 ni sikukuu, bweni linabaki tupu kwa kuwa wenyeji wote wamekwenda kwao. Hizo ni siku ngumu kuliko hizi za sasa, na huwaumiza wengi ambao walikuwa wamekwisha kuzoea. Kuanzia Novemba muulize mwenzako wa Kiswahili, jirani yako au watu wa kanisani au msikitini wanafanya nini siku hizo. Uliza waziwazi, kwa sababu Mjerumani hatakualika akidhani una mipango yako. Niandikie pia ukishapata cheti cha usajili.